Je, wajua kwa nini kaa bilioni 10 walitoweka katika Bahari ya Bering?

Kati ya Alaska na Urusi iko Bahari ya Bering, na kwenye sakafu yake huishi kaa wa theluji, anayevuliwa kwa biashara. Wanasayansi wa Marekani huwahesabu kila mwaka kwa wavu wa kukokota. Mwaka 2018 waliwakuta wengi ajabu. Mwaka 2020 hesabu haikufanyika kwa sababu ya korona. Waliporudi mwaka 2021, zaidi ya kaa bilioni 10 hawakuwepo. Oktoba 2022 Alaska ikafunga uvuvi wa kaa huyo kwa mara ya kwanza.

Walikwenda wapi? Wengi walidhani wamehamia kaskazini, lakini waliopatikana huko hawakutosha kuziba pengo. Uvuvi nao haukuweza kumaliza idadi kubwa namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kilichowaua zaidi ni njaa.

Chanzo cha njaa hiyo ni barafu. Bahari inapoganda, sehemu kubwa ya chumvi haiingii ndani ya barafu. Inabaki majini, na maji hayo yenye chumvi nyingi na baridi kali huwa mazito, yakazama. Kiangazi kikifika, jua hupasha tabaka la juu tu, na chini hubaki dimbwi kubwa la maji yasiyofika nyuzi 2 za Selsiasi. Humo ndimo kaa wachanga hukulia, kwa sababu samaki wakubwa wanaowala huikwepa baridi hiyo. Mwaka 2018 na 2019 barafu ilikuwa haba mno, na dimbwi hilo likakaribia kutoweka.

Watu wakisikia habari hii hufikiri kaa waliuawa na joto lenyewe. Sivyo. Kaa wa theluji hustahimili maji yenye joto kuliko yale. Ila kaa hana joto lake mwenyewe, mwili wake hufuata maji alimo: yakipata joto, mwili huchoma chakula haraka zaidi. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba kutoka nyuzi 0 hadi 3 tu, mahitaji yake ya chakula hukaribia kuongezeka maradufu. Sasa fikiria kaa wengi kupita kawaida, waliobanana mahali padogo, kila mmoja akihitaji kula zaidi, na chakula ni kilekile.

Kinachonihuzunisha zaidi ni uzito wao. Kaa waliopimwa mwaka 2018 walikuwa wepesi kuliko wa ukubwa uleule waliopimwa 2017. Walikuwa wamekwisha kuanza kukonda, tena katika mwaka uleule ambao hesabu ilionyesha neema.

Uvuvi ulifunguliwa tena mwaka 2024, kwa mgao mdogo. Kaa dume huchukua miaka kadhaa kufikia ukubwa wa kuvuliwa, kwa hiyo anayepandishwa melini leo alilelewa na barafu ya miaka mingi nyuma.