Destroya za Marekani hazikufa na vita

Wengi hudhani manowari za Marekani aina ya destroya, zilizoundwa harakaharaka wakati wa Vita Vikuu vya Pili, zote ziliishia kuwa chuma chakavu amani iliporudi. Baadhi ndiyo. Lakini itazame USS Laffey. Ilianza kazi Februari 1944, na Juni ikawa inapiga mizinga Normandy, pwani ya Ufaransa. Tarehe 16 Aprili 1945, karibu na kisiwa cha Okinawa, Japani, marubani wa Kijapani wa kujitoa mhanga waliiandama. Usukani ukakwama, meli ikabaki kuzunguka huku sehemu ya nyuma ikiungua. Walikufa watu 32. Ungesema basi tena! Ikatengenezwa, ikapumzishwa 1947, ikarudishwa 1951 kwa Vita vya Korea, na ikastaafu 1975. Sasa ni makumbusho, South Carolina.