Rangi juu ya kutu haizuii kutu

Wengi huamini kwamba ukishang'oa kapeti ya gari kuukuu na kukuta kutu sakafuni, unapiga rangi nzito ya kuzuia kutu, unarudisha kapeti, basi. Sivyo. Kutu iliyolegea hubanduka na rangi yake, na chini yake bati linaendelea kuliwa bila wewe kuona.

Kwanza tafuta maji yanakotoka. Kapeti inaweza kuwa kavu juu huku sponji ya chini imelowa chepechepe. Maji safi upande wa abiria mara nyingi ni bomba la kutolea maji ya AC lililoziba. Yakiwa na utelezi na harufu tamu, ni kulenti, yaani maji ya kupoza injini, inayovuja kwenye hita.

Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kufungua viti. Kwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80 mpaka bati ling'ae, futa kwa thina, acha likauke. Piga praima (rangi ya kwanza ya chini) ya epoksi; praima ya kawaida hupitisha unyevu. Penye matundu, kata na uchomee bati jipya. Kuziba kwa faiba ni kujidanganya, hasa karibu na bolti za viti na mikanda.

Ziba kwa tepu nyuzi za bolti na sehemu za waya za ethi (zinazounganisha umeme na bodi ya gari): zikipakwa rangi, taa huanza vituko. Sponji iliyooza usiirudishe, hata ikikauka.