Usanifu wa hofu ni nini?

Usanifu wa hofu ni kupanga mahali pa mjini, iwe uwanja, bustani au njia, ili anayeingia apatwe na wasiwasi kwa makusudi huku mwili wake ukiwa salama. Uzito uko kwenye hicho kipande cha mwisho. Ukuta unaotaka kuanguka hauhitaji msanifu ili utishe. Msanifu anatenganisha mambo mawili tuliyozoea kuyaona pamoja: kuwa salama na kujihisi salama.

Mfano ninaouona mkubwa kuliko yote ni ukumbusho wa Wayahudi wa Ulaya waliouawa na Wanazi, katikati ya Berlin, kazi ya Mmarekani Peter Eisenman iliyozinduliwa Mei 2005. Ni mabamba 2,711 ya zege yaliyopangwa kwa mistari katika eneo la mita za mraba 19,000. Pembeni mabamba ni mafupi, unaweza hata kuyakalia. Kadiri unavyoingia, ardhi inashuka na mabamba yanarefuka, mengine hadi mita 4.7, na kelele za magari zinafifia. Vijia vina upana wa sentimita 95 tu, kwa hiyo uliyekuja naye hawezi kutembea ubavuni mwako. Atangulie au afuate. Kwenye njia panda mtu anakatiza mbele yako na kutoweka kabla hujamtambua. Na bado kila kijia kimenyooka, na mwisho wake unauona mji. Hakuna geti la kukuzuia. Unajua pa kutokea, lakini moyo unakwenda mbio.

Mwaka 1975 mwanajiografia wa Uingereza, Jay Appleton, alieleza kwamba binadamu hupenda mahali anapoweza kuona bila kuonekana. Eisenman amelipindua hilo: mbele unaona ufa mwembamba, ubavuni huoni kitu.

Katika mji huohuo, kwenye Jumba la Makumbusho ya Wayahudi lililofunguliwa mwaka 2001, msanifu Daniel Libeskind alitumia mbinu nyingine. Bustani yake ya uhamisho ina nguzo 49 juu ya sakafu iliyoinama nyuzi 12. Jicho linaziona nguzo zimesimama wima, mwili unakataa, na wengine hushikwa na kizunguzungu.

Wembamba peke yake hautishi. Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni vyembamba pia, ila kuna baraza nje ya nyumba na watu wamekaa, na mpita njia anasalimiwa. Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, aliandika mwaka 1961 kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya watu wake.

Hapo ndipo dhana hii inapotufaa hata sisi tusiojenga majengo ya ukumbusho. Njia nyingi za chini ya barabara zina yaleyale ya Berlin bila mtu kuyakusudia: kuta tupu, kona isiyoonyesha mbele, hakuna watu. Tofauti ni kwamba anayepita hapo usiku hakuja kutafakari, anarudi nyumbani, na hatari inaweza kuwa ya kweli. Kumtia mtu huyo hofu ni kumdhulumu. Taa pekee hazimsaidii kama kona imebaki ileile. Kona ikatwe ili aone hadi mwisho kabla hajaingia, na muuza kahawa apewe nafasi mlangoni badala ya kufukuzwa.