Kwa nini Spinoza alisema jiwe nalo lingejiona liko huru?

Rusha jiwe. Sasa tuseme likiwa bado hewani linapata fahamu. Mkono uliolirusha haliujui. Linajikuta tu linakwenda, na linapenda kwenda, na linajitahidi lisisimame. Ukiliuliza, "We jiwe, nani kakutuma?" litajibu nini?

Mwanafalsafa Baruch Spinoza alisema litajibu kwamba limejituma lenyewe. Aliyaandika hayo mwaka 1674 katika barua kwa rafiki yake Schuller, aliyekuwa amemfikishia maswali kuhusu hiari ya binadamu. Akaongeza kuwa huo ndio uhuru ambao watu wote hujivunia. Tunajua tunachokitaka, ila hatujui kilichotufanya tukitake. Na kwa kuwa sababu hatuioni, tunaona kama haipo.

Maneno mazito, na aliyeyasema alikwisha kulipa gharama ya kufikiri kivyake. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1632 katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Ureno. Mwaka 1656, akiwa na miaka 23, jumuiya yake ilimtenga kwa tangazo kali: mtu asikae naye chini ya paa moja, wala asisome kitu alichokiandika. Akawa anajipatia riziki kwa kusugua lenzi za darubini.

Barua ile haikuishia kwenye jiwe. Mtoto mchanga, anasema, hudhani analilia maziwa kwa hiari yake. Mwoga anayetimua mbio naye hudhani kaamua kukimbia. Kisha anakuja mlevi, ambaye huamini anatamka kwa uamuzi wake mwenyewe maneno ambayo pombe ikimtoka atatamani angeyameza. Mfano huu ndio unaonibana mimi. Nani hamjui yule jamaa wa mtaani aliyempasha jirani yake yote usiku wa manane, kisha asubuhi akapita njia ya uani? Usiku ule ungemwambia "hiyo ni pombe inasema," angekujia juu: ninasema kwa akili zangu timamu! Na hadanganyi. Ndivyo anavyojihisi kweli.

Hapo Spinoza amefanya jambo la werevu. Wengi tukibishana juu ya uhuru huuliza: ningeweza kutenda vingine? Yeye anauliza kwanza: umejuaje kuwa uko huru? Jibu letu huwa "ninajihisi hivyo." Lakini jiwe nalo linajihisi hivyo. Basi hisia peke yake haiwezi kuwa ushahidi, kwa sababu ingekuwepo vilevile hata kama hatuko huru. Swali la uhuru limegeuka kuwa swali la ujuzi.

Msomaji anaweza kusema: kumbe ni kadari tu, liandikwalo ndilo liwalo. (Ingawa bibi anayetuambia hivyo ndiye huyo huyo anayetuamsha alfajiri na "ajizi nyumba ya njaa," na haoni mgongano wowote.) Sivyo hasa. Kadari ina mwandishi mwenye makusudi. Kwa Spinoza, Mungu na maumbile ni kitu kimoja, na hakuna lengo lililopangwa mbele. Sababu inazaa sababu, mlolongo usio na kikomo.

Mwaka 1983 Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo huko San Francisco, alichapisha jaribio ambalo wengi walilisoma kama ushindi wa jiwe. Washiriki walikunja mkono wakati wowote walipotaka, huku wakitazama nukta inayozunguka kama mshale wa saa, ili waseme nukta ilikuwa wapi nia ilipowajia. Nia waliihisi kama milisekunde 200 kabla ya mkono kusogea. Ila ubongo ulikuwa umeanza pilikapilika zake kama milisekunde 550 kabla. Libet mwenyewe hakuufuta uhuru. Alisema bado mtu anaweza kuizuia nia dakika ya mwisho. Na mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa zile pilikapilika huenda ni mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka, wala si uamuzi uliokwisha kupitishwa. Mimi naona kukunja mkono bila sababu ni kipimo hafifu. Uhuru unaotukosesha usingizi ni wa kuuza shamba la urithi au kuvunja ndoa, na hayo hayafanyiki kwa nusu sekunde.

Je, Spinoza alitaka tujione mawe tu? Hapana. Katika kitabu chake cha Maadili, kilichotoka mwaka 1677 alipokwisha kufariki, anasema ghadhabu au hofu hulegeza mshiko wake pale tunapoielewa vizuri. Ukijua kilichokusukuma, husukumwi tena kwa namna ile ile. Kwake, uhuru ni kutenda kwa kuelewa, wala si kutokuwa na sababu. Unaweza kumbana: na huko kuelewa si kunasababishwa pia? Angekubali bila kusita.

Mwaka 1673 aliitwa akawe profesa Heidelberg. Aliahidiwa uhuru mkubwa wa kufalsafa, mradi asiivuruge dini iliyokubalika huko. Akajibu kwa adabu kwamba hajui mpaka wa uhuru huo uko wapi, akabaki na lenzi zake. Angeulizwa kama alikataa kwa hiari, nadhani angeanza kutaja sababu moja baada ya nyingine.