Una mimba na daktari anataka picha ya jino? Soma hii kwanza

Wamama wengi wajawazito wakiambiwa jino linatakiwa kupigwa picha ya eksirei wanakataa papo hapo, wengine wanaaga kabisa wanaondoka na maumivu yao, na ukiwauliza kwa nini wanakwambia nimesikia mionzi inaharibu mtoto. Kasikia kwa nani? Kwa dada, kwa jirani, kwa shoga yake, na wakati mwingine ni mhudumu wa afya kabisa ndo kamwambia "rudi ukishajifungua". Sisi tunaohudumia kinywa na meno hili jambo linatuuma sana, maana kile anachokikimbia mtoto hakimfikii, ila kile anachokikimbilia mara nyingi ndo kinamfikia.

Tuanze na picha yenyewe. Mashine inaelekezwa shavuni, miale inabanwa ipite sehemu ndogo tu, inapenya jino na kuishia kwenye filamu au kile kifaa cha dijitali ulichong'ata mdomoni, yote hayo chini ya sekunde moja. Mtoto yuko chini huko kwenye nyonga na hakuna mtu anayeelekeza mashine tumboni. Kinachoweza kushuka ni kile kiasi kidogo kinachotawanyika ndani ya mwili wa mama, nacho kinazidi kupungua kadiri kinavyopita kwenye nyama na mifupa. Halafu mashine ikishazimwa mionzi imeisha, ni sawa na kuzima taa, mwanga haubaki chumbani, kwa hiyo hakuna kitu kinachokaa mwilini kikisubiri kumdhuru mtoto baadaye.

Kwa hesabu, picha ndogo ya jino moja au mawili kwa kawaida inampa mama mionzi isiyofika maikrosiveti 10 (hicho ni kipimo cha mionzi, maikrosiveti 1,000 ndo milisiveti moja). Binadamu yeyote, hata ambaye hajawahi kuiona hiyo mashine, anapata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula, ambayo ukiigawa kwa siku ni kama maikrosiveti 6 na kitu. Yaani picha moja ni sawa na siku moja hivi ya kuishi tu duniani. Ile picha kubwa inayoonyesha taya zote ni sawa na siku chache. Na hiyo ni dozi ya mama, ya mtoto ni ndogo zaidi ya hapo, haifiki miligrei 0.01 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, kwa eksirei miligrei moja ni kama milisiveti moja), wakati madhara ya kuharibika kwa viungo vya mtoto yanaanza kuzungumziwa kwenye miligrei 50 hadi 100 kwenda juu. Gawa mwenyewe 50 kwa 0.01, ni mara 5,000. Kuna ile skani ya taya ya pande zote tatu, hiyo dozi yake iko juu zaidi ya picha za kawaida, kwa mjamzito tunaifanya pale tu ambapo picha ya kawaida haiwezi kutoa jibu.

Sasa hofu hii haikutoka hewani na simlaumu mama anayeogopa. Miaka ya 1950 daktari Alice Stewart wa Oxford, Uingereza, alifuatilia watoto waliopata saratani akakuta mama zao wengi zaidi walipigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito, maana enzi hizo altrasaundi haijaenea na madaktari walikuwa wanapiga picha kuangalia mtoto kalalaje na nyonga ya mama inatosha kiasi gani. Kazi yake ilipingwa sana mwanzoni lakini mwishowe ilibadilisha utaratibu, na ni vizuri ilibadilisha. Ila angalia tofauti, pale miale ilikuwa inapita tumboni moja kwa moja ikimgonga mtoto, na mashine zenyewe zilikuwa za zamani. Onyo la picha ya tumbo likahamishiwa kwenye kila kitu kinachoitwa eksirei na huko ndiko tulikopoteana. Kumbuka pia meno tumetoka nayo mbali, picha ya kwanza ya meno aliyopiga Otto Walkhoff kule Ujerumani mwaka 1896 ilichukua dakika 25 mtu akiwa ametulia mbele ya mashine!

Mwaka 2004 ulitoka utafiti Marekani ukionyesha wamama waliopigwa picha za meno wakati wa mimba walikuwa na watoto wenye uzito mdogo zaidi, na bado watu wanautaja. Haukuthibitisha kwamba picha ndo sababu. Mama anayepigwa picha za meno akiwa mjamzito mara nyingi ana meno yanayoumwa, na ugonjwa wenyewe wa kinywa unaweza kuwa ndani ya hiyo hadithi. Sipendi utafiti ufichwe, napenda usomwe wote.

Haya, turudi kwa yule mama aliyeondoka na jino lake. Anaenda duka la dawa, anapewa cha kutuliza maumivu, na cha kutuliza maumivu cha haraka mara nyingi ni ibuprofeni au diklofenaki. Dawa hizo kuanzia wiki ya 20 ya mimba zinaweza kusumbua figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na mimba ikizidi kukua zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Au anapewa antibayotiki za jamii ya tetrasaiklini, ambazo zinaingia kwenye meno ya mtoto yanayoumbika na kuyaacha na rangi ya kahawia. Hayo yote kameza kwa imani kwamba anamlinda mtoto. Na jino bado lina usaha, na usaha wa jino hautulii kwa sababu umeamua kuuvumilia, unaweza kushuka chini ya taya, ukavimba shingo mpaka kupumua kukawa shida, au ukaingia kwenye damu, na hapo mtoto naye yuko hatarini kweli kweli. Hapo sijataja kukosa usingizi na kushindwa kula wiki nzima.

Kwa hiyo ufanye nini? Ukifika sema una mimba, au sema hujaona siku zako, usisubiri kuulizwa. Uliza picha inatafuta nini na kama jibu lake litabadilisha matibabu, ni haki yako na daktari mzuri hachukii kuulizwa. Kama ni picha ya ukaguzi tu, huna maumivu wala uvimbe, hiyo inaweza kusubiri ujifungue na hakuna kilichopotea. Kama una picha za karibuni ulizopigwa sehemu nyingine njoo nazo. Lakini kama jino linauma, fizi imevimba, kuna usaha au jino limevunjika, usisubiri, iwe mwezi wa pili au wa nane. Miezi mitatu ya katikati ndo mama anakaa vizuri zaidi kwenye kiti, kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa kubwa, ila dharura haina mwezi. Ganzi ya lidokaini tunaitumia kwa wajawazito, na parasetamo kwa kipimo sahihi ndo chaguo letu la kwanza la maumivu. Ukiwa na tumbo kubwa omba uegeshwe kidogo upande wa kushoto, ukilala chali mtoto anakandamiza mshipa mkubwa wa damu na unaweza kusikia kizunguzungu.

Aproni nzito ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, nayo inaleta maswali. Wengi wamezoea kuvalishwa, na sehemu nyingine bado sheria inataka hivyo, ukipewa vaa. Ila Februari 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilisema aproni na kinga ya shingo hazihitajiki tena kwenye picha za meno, hata kwa wajawazito, kwa sababu mashine za sasa zinabana miale vizuri na aproni wakati mwingine inaziba sehemu inayotakiwa kuonekana, picha inaharibika, unarudiwa. Kwa hiyo usipovalishwa usidhani umedharauliwa. Kama roho haitulii iombe tu.

Kuna kundi jingine linanigusa sana, wale waliopigwa picha ya jino afu wiki mbili baadaye ndo wanagundua wana mimba. Wanakaa na hiyo siri miezi yote, wengine wanafikia hata kufikiria kuitoa mimba. Dada yangu, tafadhali usifanye hivyo kwa sababu ya picha ya jino. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishaandika mwaka 2000 kwamba dozi ya mtoto iliyo chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba, na ya kwako haijafika hata sehemu ndogo ya hiyo. Mwambie mkunga wako kliniki ili liandikwe, uendelee na mahudhurio yako kama kawaida.

Anayenyonyesha naye hana haja ya kukamua na kumwaga maziwa baada ya picha, maziwa hayabadiliki, unaweza kumnyonyesha mtoto hapo hapo ukitoka kwenye kiti. Na kama una mimba na umemleta mtoto wako mkubwa kupigwa picha, usiwe wewe wa kumshikilia wala kumshikia filamu mdomoni, toka nje ya chumba, mwachie baba au shangazi abaki naye. Wenzetu wajawazito wanaofanya kazi hizi tunawataka wasimame nyuma ya ukuta au mita 2 kutoka kwenye mashine kila inapowashwa, na wamwambie kiongozi wao mapema kwamba wana mimba, maana wao hawapigiwi picha moja kama wewe, wako pale siku nzima.