Meseji haibebi dawa: dhana potofu kuhusu teknolojia katika ugavi

Dhana: Teknolojia ya ugavi ni ya kampuni kubwa zenye mitambo ya gharama.

Moja ya tafiti ninazoziheshimu sana katika fani hii ilifanyika Tanzania, katika wilaya tatu za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kati ya 2009 na 2010, kupitia SMS for Life, mradi wa kufuatilia akiba ya dawa kwa meseji. Kila wiki wahudumu wa vituo 129 walipokea meseji kwenye simu zao wenyewe. Walihesabu dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano, wakajibu bila kutozwa, na aliyejibu akaongezewa salio. Majibu yalifikia wastani wa asilimia 95. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26.

Dhana: Taarifa zikipatikana, dawa zitafuata.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana ile asilimia 26 ya wilaya zote tatu imeficha mengi. Lindi Vijijini tatizo lilikwisha kufikia wiki ya 8. Kigoma Vijijini, kwa mfumo uleule, vituo vyenye upungufu vilishuka kutoka asilimia 93 hadi 47, yaani karibu nusu bado vilikuwa na pengo. Meseji inaweza kuionyesha wilaya kwamba zahanati moja haina pakiti ya vidonge 24, ile ya mtu mzima, huku ya jirani inazo za kutosha. Kuzihamisha kunataka mtu mwenye mamlaka ya kuamua, gari na mafuta. Na wilaya nzima ikikaukiwa, hakuna cha kuhamisha mpaka mzigo utoke bohari kuu. Kwa hiyo mtafiti anayepima mfumo kwa idadi ya ripoti zilizotumwa hajamaliza kazi. Apime pia kama mgonjwa aliondoka na dawa.

Zambia walilipima jambo hili vizuri. Katika kundi moja la wilaya za majaribio, bohari ya wilaya iliendelea kutunza akiba na kuvigawia vituo. Katika kundi jingine, bohari kuu ilifungasha mzigo wa kila kituo peke yake, na wilaya ikaupitisha tu. Wilaya za makundi yote mawili zilipewa mpangaji wa maagizo, lakini njia ya pili ndiyo iliyopunguza upungufu zaidi. Kilicholeta tofauti ni mahali akiba inapokaa na anayeishika.

Dhana: Kinachosomeka kwenye kompyuta ndicho kilichopo rafuni.

Watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walikagua karibu rekodi 370,000 za bidhaa katika maduka 37 ya kampuni moja. Asilimia 65 hazikulingana na mzigo uliokuwepo. Mfumo ukiamini kuna boksi 10 ambazo hazipo, hautaagiza, na rafu itabaki tupu hata programu ya makadirio iwe bora kiasi gani. Kuhesabu kwa mkono bado ni kazi ya lazima.

Dhana: Maagizo yakiyumba, wateja ndio wamebadilika.

Jay Forrester wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alionyesha tangu 1958 kwamba mnyororo wa ugavi wenyewe huzalisha mawimbi ya maagizo. Zahanati iliyokosa dawa mwezi huu huagiza maradufu mwezi ujao, wilaya nayo huongeza ya tahadhari, na bohari kuu huona mahitaji ambayo hakuna mgonjwa aliyeyaleta. Bohari ikiona matumizi halisi ya zahanati badala ya maagizo peke yake, mawimbi hayo hupungua.