Je, wajua kwa nini betri ndogo ya droni huweza kuyeyusha waya?

Betri ya lithiamu ya droni hukaa kiganjani. Ubavuni mwake mara nyingi utakuta maandishi kama haya: 11.1V, 2200mAh, 25C. Wengi huangalia volti tu, wakiona ni chache huchukua waya wowote ulio karibu. Hapo ndipo hatari inapoanzia, maana namba ya kutazama ni ile ya mwisho. 25C ina maana kwamba betri inaweza kutoa mkondo mara 25 ya ujazo wake: 2200mAh ni ampea-saa 2.2, na 2.2 mara 25 ni ampea 55.

Kinachoupasha waya moto ni huo mkondo. Tuchukue waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba. Kila mita yake ina ukinzani wa omu 0.017 hivi. Ukitaka kujua joto lake, zidisha ampea kwa ampea zenyewe, kisha kwa ukinzani. Kwa ampea 10 unapata wati 1.7 kwa mita, na hizo hupotea hewani bila shida. Kwa ampea 20 ni karibu wati 7, si 3.4. Kwa ampea 55 zinapita 50, na ganda la plastiki ya kawaida, ambalo kwa kawaida huvumilia nyuzi joto 70 hivi za Selsiasi, litalainika na kuanza kunuka.

Lakini majedwali ya nyaya, yale yanayoonyesha waya gani ubebe ampea ngapi, hayakubaliani, kwa sababu mengi hutegemea jinsi joto linavyotoka. Waya uleule ukiwa peke yake hewani hupoa, ukifungwa pamoja na wenzake hauna pa kutolea joto. Ganda la silikoni nalo huvumilia hadi nyuzi 180 au 200, kwa hiyo shaba ileile hupewa ampea nyingi zaidi.

Kwa betri hii ningechagua waya wa silikoni wa milimita 3.3 za mraba, ule unaoandikwa 12AWG, tena mfupi. Urefu hauongezi joto la kila mita, lakini hula volti: kwa ampea 55, mita moja ya kwenda na moja ya kurudi hupoteza zaidi ya nusu volti.

Droni ikishatua, chomoa betri kisha gusa waya. Ukishindwa kuushika, ni mwembamba mno. Na kwenye mradi wowote wa mezani, weka fyuzi karibu kabisa na betri, yenye ampea pungufu ya zile ambazo waya unaweza kubeba, kwa sababu nyaya zikigusana betri haitasubiri motor iombe umeme.